Apu ya kupima wepesi wa mchezaji: kabla hujalipa, jaribu kamera uliyo nayo

Swali hili limetufikia mara nyingi, na kwa kawaida linakuja na picha ya skrini. Kocha wa timu ya mtaa, au mzazi ambaye binti yake anacheza raga shuleni, amekutana na apu inayodai kupima wepesi wa mwanamichezo. Siku saba za kwanza ni bure, baada ya hapo ni malipo ya kila mwezi. "Nilipe ama niwache?" ndivyo wengi wanavyouliza.

Jibu letu la haraka: usilipe bado. Ikiwa simu yako inaweza kurekodi kwa mwendo wa polepole (angalia kwenye kamera sehemu iliyoandikwa Slow Motion au Slo-mo), tayari una kifaa chenyewe mkononi. Kazi ambayo apu nyingi zinakutoza ni kuhesabu tu, na hesabu yenyewe ni kutoa na kugawanya. Hatuna ubaya na anayeuza programu nzuri. Zipo nzuri, na moja tutaitaja. Lakini ni vyema ujue unanunua nini, hasa kwa sababu matokeo haya siku hizi yanaamua nani anabaki kikosini na nani anarudi nyumbani.

Wepesi si mbio

Watu huchanganya mambo haya mawili. Mtu anaweza kuwa moto wa kuotea mbali kwenye mita 100 na bado akaachwa amesimama kama mlingoti na kiungo mfupi anayejua kugeuka. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Australia, Sheppard na Young, walipendekeza maana ambayo wataalamu wengi wa michezo wanaitumia hadi leo: wepesi ni mwendo wa haraka wa mwili mzima, unaobadilisha kasi au mwelekeo, kwa kuitikia jambo fulani. Shika hayo maneno ya mwisho. Kuitikia jambo fulani: beki aliyekukimbilia, mpira uliodunda vibaya, pasi iliyobadilishwa dakika ya mwisho.

Ukitaka kuuona wepesi wa kweli, tazama raga ya wachezaji saba kila upande. Uwanja ni uleule wa wachezaji kumi na watano, kwa hivyo nafasi ni tele, na mlinzi akikosea hatua moja hakuna wa kumsaidia. Huko ndiko Collins Injera alikofunga trai 279 katika mfululizo wa mashindano ya dunia, na ndiko Shujaa walikoicharaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore mwaka 2016. Hakuna hata trai moja kati ya hizo iliyofungwa kwa kuzunguka koni zilizokaririwa.

Tunasema hivi kwa sababu majaribio mengi ya koni, pamoja na apu nyingi zinazoyapima, yanapima nusu moja tu ya wepesi, yaani kubadilisha mwelekeo mahali unapojua tayari. Nusu hiyo ina faida yake na ndiyo tutakayoanza nayo. Nusu ya pili, ya kusoma mchezo na kuamua, tutaifikia.

Kidole cha kocha kinachelewa

Wengi wetu tumekulia viwanja ambapo kocha ana filimbi mdomoni na saa ya kubonyeza mkononi. Jicho linaona, ubongo unaamua, kidole kinabonyeza. Safari hiyo huchukua kama sehemu ya tano ya sekunde, na si kila mara inachukua muda uleule. Mwanzoni kocha anasubiri mchezaji aondoke, kwa hivyo anachelewa. Mwishoni anamwona akija, kwa hivyo anabonyeza mapema. Ndiyo maana muda wa saa ya mkono huwa mfupi kuliko wa kweli. Kwenye riadha, mtu akitaka kulinganisha muda wa mkono wa mita 100 na ule wa mitambo, anauongezea sekunde 0.24. Na tangu mwaka 1977 rekodi za dunia za mbio fupi zinakubaliwa tu zikipimwa kwa mitambo.

Sekunde 0.24 ni nyingi kiasi gani? Rudi Kasarani, tarehe 18 Septemba 2021. Trayvon Bromell wa Marekani alishinda mita 100 kwa sekunde 9.76. Ferdinand Omanyala alimfuata kwa 9.77 na kuweka rekodi mpya ya Afrika. Rekodi ya awali, ya Akani Simbine wa Afrika Kusini, ilikuwa 9.84. Ukiwapa watu watatu saa za mkono wapime mbio hizo tatu, huenda wasikubaliane hata nani aliweka rekodi.

Sasa fikiria jaribio la kugeuka ambalo lote linachukua sekunde mbili na nusu. Tofauti kati ya mchezaji wa kwanza na wa tano kwenye orodha yako inaweza kuwa sekunde 0.1. Kosa la kidole ni kubwa kuliko tofauti unayoitafuta! Kijana anaachwa nje ya kikosi, mama yake ameshamnunulia njumu, na kilichomtoa ni kidole cha mtu.

Timu kubwa hutatua tatizo hili kwa mageti ya miale, vifaa vinavyosimama kando ya mstari na kusoma muda mchezaji anapokata mwale wa mwanga. Seti nzuri inaweza kugharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Timu ya mtaa haina pesa hizo, na hata ingekuwa nazo, tungewashauri wanunue mipira kwanza.

Kinachofanyika ndani ya kamera

Video ni picha nyingi zilizofuatana, na kila picha moja inaitwa fremu. Kamera ya kawaida hupiga fremu 30 kwa sekunde, yaani kutoka picha moja hadi nyingine unapita muda wa sekunde 0.033. Kwenye fremu 120, pengo ni sekunde 0.008. Kwenye fremu 240, ni sekunde 0.004. Linganisha na ile 0.2 ya kidole. iPhone zilianza kurekodi fremu 240 kwa toleo la iPhone 6, mwaka 2014, na leo simu nyingi za Android zinarekodi 120 au 240. Kwa hivyo hata simu ya mkono wa pili inaweza kuifanya kazi hii.

Si maneno ya matangazo. Mtafiti wa Uhispania, Carlos Balsalobre-Fernández, alitengeneza apu ya iPhone iitwayo CODTimer inayotumia fremu 240 kupima mchezaji anayekimbia, anageuka nyuma na kurudi. Mwaka 2019 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliowapima wachezaji wa soka kwa apu hiyo na kwa mageti ya miale kwa wakati mmoja, na matokeo yaliwiana kwa karibu sana. Cha kuzingatia ni hiki: apu hiyo haina uchawi. Wewe mwenyewe unachagua fremu ya kuanzia na fremu ya kumalizia, nayo inakufanyia hesabu.

Kabla ya kuiamini simu yako, ipime kwanza. Fungua saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu nyingine, irekodi kwa mwendo wa polepole kwa sekunde 10, halafu icheze. Kama simu inarekodi fremu 240 na kuzicheza 30 kwa sekunde, hizo sekunde 10 zitachukua sekunde 80. Kama ni fremu 120, zitachukua 40. Sogeza pia picha moja moja. Simu nyingine za bei nafuu hurekodi fremu chache kisha zinajaza mapengo kwa picha za kubuni, na hapo utaona tarakimu zimepandana au zina ukungu. Video ya namna hiyo inapendeza kwenye TikTok, lakini isikuamulie kikosi. Rekodi mchana pia. Giza likianza kuingia, baadhi ya kamera hupunguza fremu bila kukuambia.

Kuandaa uwanja

Kuna majaribio mengi: la herufi T, la Illinois lenye koni nane, la kwenda na kurudi wanalolipenda Wamarekani. Sisi tunapendekeza lile linaloitwa 5-0-5, kwa sababu linahitaji simu moja na nafasi ya mita 15 tu, na kwa sababu lina mgeuko mmoja. Likienda vibaya unajua ni wapi lilikoharibikia.

Chora mistari mitatu kwa chokaa. Wa kwanza ni wa kuanzia. Wa pili uwe mita 10 mbele yake. Wa tatu uwe mita 15 kutoka mwanzo. Mchezaji anatoka mstari wa kwanza kwa kasi yote, anapita wa pili, anafika wa tatu, anakanyaga mstari kwa mguu mmoja, anageuka na kurudi kupita ule wa pili tena. Unachopima ni muda kutoka alipopita mstari wa pili akienda hadi alipoupita akirudi. Yaani mita 5 za kwenda, kugeuka, na mita 5 za kurudi. Tumia tepu ya fundi, si hatua za miguu. Hatua kumi za kocha mrefu na hatua kumi za kocha mfupi ni viwanja viwili tofauti.

Simu inakaa kando, usawa wa mstari wa pili, kwenye stendi ama juu ya kreti la soda, kimo cha nyonga. Isishikwe kwa mkono. Ili ujue iko sawasawa na mstari, simamisha vijiti viwili kwenye mstari huo, kimoja upande wa karibu na kimoja upande wa mbali. Sogeza simu mpaka kijiti cha karibu kikifunike kile cha mbali. Simu ikiwa imekaa kimshazari, mchezaji ataonekana amefika kabla hajafika, na kosa hilo linaweza kuwa kubwa kuliko faida yote ya fremu 240.

Chagua pia sehemu moja ya mwili ya kutazama. Sisi tunapenda nyonga, kwa sababu kifua kinainama na mkono unatangulia. Msaidizi mmoja asimame kwenye mstari wa tatu ahakikishe mguu umeugusa. Asiyegusa anarudia, hata kama ni nahodha.

Kila mchezaji ageuke mara tatu kwa mguu wa kulia na mara tatu kwa wa kushoto, akipumzika dakika mbili au tatu katikati. Utashangaa kuona ni wangapi wana mguu mmoja wa kugeukia na mwingine wa kusimamia tu. Na wapashe miili moto vizuri kabla ya kuanza. Kugeuka ghafla ni miongoni mwa njia za haraka za kuumiza kano za goti, na wasichana wako hatarini zaidi. Mazoezi ya FIFA 11+ yanapatikana bure mtandaoni, hayahitaji kifaa chochote zaidi ya mpira.

Hesabu yenyewe

Fungua video kwenye programu inayosogeza fremu moja moja. Ukiwa na kompyuta ya Windows, hata ile ya saiba, Kinovea ni ya bure na inafanya kazi hii vizuri. Tuseme nyonga ya mchezaji imefika kwenye kijiti akienda kwenye fremu ya 112, na ikakifikia tena akirudi kwenye fremu ya 700. Toa: fremu 588. Gawanya kwa 240: sekunde 2.45. Basi.

Kama simu yako inakuonyesha muda wa video badala ya nambari za fremu, na video imepunguzwa mwendo mara nane, utaona sekunde 19.6. Gawanya kwa 8, jibu ni lilelile.

Sasa hapa ndipo makocha wengi wanapoishia, na ndipo penye uhondo. Muda wa 5-0-5 ukiwa mzuri, hujui bado kama mchezaji anageuka vizuri au ana mbio tu. Sophia Nimphius na wenzake nchini Australia wamependekeza dawa rahisi: mpime mchezaji huyohuyo mita 10 za moja kwa moja, kisha utoe muda huo kwenye muda wa 5-0-5. Zote mbili ni mita 10. Kinachobaki ni gharama ya kugeuka.

Chukua mfano. Winga wako anamaliza 5-0-5 kwa sekunde 2.40, kiungo wako kwa 2.45. Kwa orodha ya kawaida winga ameshinda. Lakini winga ana mita 10 za sekunde 1.75, na kiungo ana 1.95. Toa: winga anapoteza sekunde 0.65 kwa kugeuka, kiungo 0.50. Winga anaficha mgeuko mbovu kwa mbio zake, na siku atakapokutana na beki mwenye mbio kama yeye, atakwama. Anahitaji kujifunza kupiga breki: kushusha nyonga mapema, kufupisha hatua mbili tatu za mwisho, kuimarisha mapaja. Kiungo naye anahitaji mazoezi ya kuondoka. Ukiwapa wote wawili mazoezi yaleyale ya koni, umempotezea mmoja wao muda.

Hizo mita 10 za moja kwa moja zina mtego wake, kwa sababu kamera moja inatazama mistari miwili. Iweke kando, usawa wa mita 5, nyuma kabisa kadiri uwanja unavyoruhusu. Mtu asimame kwenye mstari wenyewe, halafu simamisha kijiti kati yake na simu na ukisogeze mpaka kwenye skrini kimfunike nyonga. Fanya hivyo kwa kila mstari. Anza kuhesabu kwenye fremu ambayo mguu wa nyuma unaondoka ardhini, kila mara, kwa kila mtu.

Nusu iliyobaki

Kupima kuitikia si kugumu kama inavyosikika. Msaidizi anasimama mbele ya mchezaji, mita kama tano, na mchezaji anakuja kwake. Ghafla msaidizi anaruka kushoto au kulia, na mchezaji anatakiwa kukatia upande huohuo. Simu iwaone wote wawili. Hesabu fremu kutoka mwili wa msaidizi uanze kusogea hadi mguu wa mchezaji ukanyage kuelekea upande sahihi. Andika pia mara ngapi alidanganyika.

Mwaka huohuo wa 2006, Sheppard na wenzake waliwapima wachezaji wa kandanda ya Australia, wa ngazi ya juu na wa ngazi ya chini. Jaribio lililohitaji kumsoma mtu liliwatenganisha. Lile la kugeuka mahali panapojulikana halikuwatenganisha. Ndiyo maana hatuvutiwi sana na apu zinazowasha mshale au rangi kwenye skrini na kuziita "wepesi". Zinapima jinsi mtu anavyoitikia skrini. Beki hana mshale. Ana bega, nyonga na macho yanayodanganya, na mchezaji mzuri anavisoma hivyo.

Kuna apu nyingine zinazokupa alama moja: "Wepesi wako ni 87." Themanini na saba ya nini? Sekunde? Asilimia? Ukilinganishwa na nani? Kama apu haikuambii ilipima kitu gani, kwa fremu ngapi, kutoka wapi hadi wapi, hiyo alama haina kazi kwa kocha.

Usijidanganye na maendeleo

Tuseme leo mchezaji amepata 2.45, 2.51 na 2.48. Mwezi ujao anapata 2.46. Hajaboreka bado, hiyo ni ndani ya mtawanyiko wake wa kawaida. Akija na 2.36, 2.38 na 2.35, hapo kuna jambo. Uwanja nao una sauti yake: nyasi zenye umande, vumbi, na sakafu ya mpira wa vikapu haviwezi kulinganishwa. Vivyo hivyo mtu aliyevaa njumu na aliyevaa raba. Na kijana wa miaka 13 au 14 aliyerefuka ghafla anaweza kuwa mzito kwa miezi kadhaa. Usimtoe kwenye timu kwa sababu ya urefu mpya.

Jambo moja ambalo limewaponza wengi: video ya kupimia isitumwe WhatsApp kama video ya kawaida. WhatsApp huibana ili iwe nyepesi, na fremu nyingi hupotea. Ukimtumia mwenzako aihesabu, itume kama dokumenti. Afadhali zaidi, hesabu kwenye simu iliyorekodi, andika nambari, kisha ufute. Video za fremu 240 ni nzito na bando litaisha kabla ya orodha.

Kufuta kuna sababu nyingine. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla ya kuchakata taarifa za mtoto, na video ya mtoto pamoja na muda wake ni taarifa zake. Pata kibali cha mzazi kwa maandishi, ujumbe mfupi unatosha kuanzia. Na jedwali la nani ni wa mwisho lisiwekwe kwenye kikundi cha wazazi.

Apu inapoomba zaidi ya kamera

Sasa tuingie kwenye kazi yetu. Apu ya kupima mchezaji inahitaji kamera na mahali pa kuhifadhi video. Inaweza kuhitaji maikrofoni, ikiwa inaanza kwa mlio. Haihitaji kusoma SMS zako. Haihitaji orodha ya watu unaowapigia. Haihitaji ruhusa ya huduma za ufikivu, ile inayoiwezesha programu kuona kila kinachopita kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Mwenye ruhusa hizo anaweza kusoma ujumbe wa muamala, nambari za uthibitisho, hata kukufuata unapoandika PIN. Ukiona apu ya michezo inaomba SMS, ifute, hata kama kocha wa timu kubwa ndiye aliyekutumia.

Kutumiwa kwenyewe ni tatizo. Faili la apu linalokuja kwenye kikundi cha WhatsApp, "hii ni ile ya kulipia lakini imefunguliwa bure", halijapita ukaguzi wowote. Pakua kwenye duka rasmi la simu yako tu.

Kuhusu zile siku saba za bure: ukishakubali kwa kuweka njia ya malipo, apu itakukata siku ya nane bila kukuuliza tena. Kufuta apu kwenye simu hakusimamishi malipo. Ingia Play Store, bonyeza picha yako, fungua sehemu ya malipo na usajili, kisha ughairi huko. Wa iPhone waingie kwenye mipangilio, wabonyeze jina lao, halafu usajili. Fanya hivyo siku ileile unapoanza jaribio. Mara nyingi utaendelea kuitumia hadi siku zako ziishe. Na kama bei iko kwa dola, kiasi kitakachokatwa kwa shilingi kitapanda na kushuka na soko.

Kama timu imeamua kuchangia stendi au apu, pesa zisikae kwenye laini ya mtu mmoja zikichanganyika na za sukari na nauli. Tumieni akaunti ya kikundi au Till, ili kila mzazi aone alichotoa na kilichonunuliwa.

Skauti anayetaka pesa ya "kuthibitisha"

Huu ni utapeli tunaotaka uujue kabla haujakufikia. Mzazi anaweka video ya mwanawe mtandaoni, pamoja na muda wa kugeuka. Siku mbili baadaye anapigiwa na mtu mwenye sauti ya heshima. Amevutiwa. Kuna majaribio nchini Qatar, au Serbia, au kwenye klabu hapa nyumbani. Kinachobaki ni "kuthibitisha takwimu kwenye mfumo", shilingi elfu mbili na mia tano, zitumwe kwa nambari hii ya simu leo kabla ya saa kumi. Baadaye ni ada ya daktari. Baadaye ni ya pasipoti.

Hakuna mfumo wa kimataifa unaothibitisha video ya simu kwa ada. Ajenti wa soka anayetambuliwa ana leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yanaweza kutafutwa kwenye tovuti ya FIFA yenyewe. Zaidi ya hapo, kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa waziwazi. Mwanao akiwa na miaka 15 na mtu anakuahidi Ulaya mwezi ujao, muulize ni hali ipi kati ya hizo, kisha usikilize jinsi sauti inavyobadilika.

Kabla ya kutuma, tazama jina linalotokea kwenye skrini yako ya malipo. Klabu inapokea kwa Paybill au Till yenye jina la klabu. Jina la mtu binafsi usiyemjua likitokea, ghairi hapo hapo. Na kama umeshatuma, usianze kubishana naye kwenye simu, kwa sababu dakika hizo ndizo anazozitumia kutoa pesa. Tupigie kwanza ukiwa na nambari ya muamala, tujaribu kuzizuia zikiwa bado kwenye akaunti yake, halafu uende na nambari hiyohiyo kituo cha polisi ukaandikishe ripoti. Usifute jumbe zake wala rekodi ya simu. Akikupigia tena akisema anarudisha pesa na anahitaji PIN yako ili zirudi, kata simu. Sisi wenyewe hatuihitaji PIN yako ili kurudisha chochote.